Ndoa Bila Daftari

Wahenga waliposema mali bila daftari huisha bila habari, walikuwa wakimwonya mwenye duka. Hapa kwetu Ruanda, wilayani Mbozi, onyo hilo limesikika kila mahali penye hela. Mkulima akipeleka kahawa yake kwenye chama cha ushirika, kilo zinaandikwa na stakabadhi inatolewa, na asipopewa stakabadhi haondoki mlangoni. Mwenye mashine ya kusaga ana daftari. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kina daftari, na anayetunza daftari si yule anayetunza ufunguo wa sanduku. Hata msiba una daftari. Ukitoa elfu mbili ya rambirambi jina lako linaandikwa, na siku ukifiwa wewe, kurasa zinafunuliwa kuona ulitoa nini kwa wenzako.

Jambo moja tu tumeliacha liende kwa kumbukumbu za watu, nalo ndilo linaloamua nani atalala nyumba gani, nani atavuna shamba gani, na mtoto ataitwa wa nani. Jambo hilo ni ndoa.

Najua nitajibiwa haraka. Nitaambiwa: wewe, mbona tunawaona maharusi wakisaini pale mbele ya madhabahu, mpiga picha kawainamia, wasimamizi wamesimama nyuma yao na kalamu inapokezanwa kwa kitambaa cheupe? Kweli wanasaini. Ugomvi wangu hauko kwenye kusaini. Uko kwenye safari ya ile karatasi baada ya wapambe kuondoka, vigelegele kuisha na turubai kufunguliwa. Karatasi ile ina mahali pa kwenda, na mara nyingi haifiki.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu wengi wanaobishana juu yake hawajawahi kuisikia ikisomwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndiyo inayotawala ndoa zote Tanzania Bara. Kabla yake kila kundi lilikuwa na njia yake. Mkristo alikuwa na sheria aliyoachiwa na mkoloni, Muislamu ana taratibu zake, na sisi wa mila tulioa kwa mahari na ushuhuda wa wazee, na serikali haikuwa na habari nasi. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo, watu wakajadili, na miaka miwili baadaye sheria moja ikapitishwa kwa wote. Ukifunga kanisani, msikitini, bomani au kwa mila, ndoa yako ina uzito uleule mbele ya hakimu. Katika nchi nyingi za Afrika jambo hilo lilikuwa bado ndoto. Sisi tulilipata mapema, na halafu tukalizembea.

Sheria hiyo inampa mfungisha ndoa kazi yenye hatua tatu, na ni vizuri kila muumini azijue.

Hatua ya kwanza ni kabla ya ndoa. Mchungaji, padri au kiongozi mwingine wa dini hafungishi ndoa kwa sababu tu ana joho na kundi la waumini. Anatakiwa awe na leseni kutoka kwa Msajili Mkuu, ambaye leo ofisi yake iko chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Leseni ni ya mtu. Haiambatani na jengo. Kisha wanaotaka kuoana wanatoa taarifa ya kusudio siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Taarifa inasema majina yao, umri wao, wanakoishi, kama waliwahi kuoa au kuolewa, na kama ndoa inayokusudiwa ni ya mke mmoja au inaruhusu wake zaidi. Taarifa inatangazwa hadharani ili mwenye pingamizi alete. Zile Jumapili tatu ambazo katibu wa kanisa anasimama kutangaza majina ya wachumba, na vijana wa nyuma wanachekana, hazipo kwa ajili ya uchangamfu wa ibada. Ndipo jamii inapoulizwa: mnajua lolote?

Hatua ya pili ni siku yenyewe. Wawili wanakubali kwa hiari zao, mbele ya mfungisha ndoa na mashahidi wasiopungua wawili.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipigia kelele. Ndoa inaandikwa kwenye kitabu, wanandoa na mashahidi wanasaini, mfungisha ndoa anasaini, wanandoa wanapewa cheti chao, na kumbukumbu ya ndoa ile inapelekwa kwa msajili ili iingie kwenye rejesta ya nchi. Mpaka hapo ndipo kazi ya mfungisha ndoa inapokwisha. Amina ya mwisho ya ibada haiimalizi.

Sasa njoo tutazame hali ilivyo. Nimekuwa katibu wa kamati za harusi kadhaa hapa kijijini, kwa sababu nina mwandiko unaosomeka na simu isiyoisha chaji. Bajeti za harusi nazijua kama ninavyojua majina ya watoto wangu. Kuna mstari wa keki, wa ng'ombe, wa mpishi na kuni zake, wa muziki, wa MC, wa gari la maharusi na maua ya kulipamba. Kuna mstari wa dharura, ambao kila mara unaliwa kabla ya dharura. Sijawahi kuona mstari wa nauli ya kupeleka kumbukumbu ya ndoa Vwawa. Kwenye kikao mtu anaweza kubishana nusu saa juu ya rangi ya vitambaa vya viti, lakini hakuna anayeuliza: mchungaji, leseni yako inasemaje, na karatasi itafika lini kwa msajili?

Kwa hiyo kitabu kinarudi kabatini. Mchungaji ana misiba mitatu wiki hiyo, ana mkutano wa jimbo, ana mahindi yake shambani. Anasema atapeleka zote pamoja zikijaa. Kisha anahamishwa. Anayekuja anakuta kabati na funguo, haoni sababu ya kuhangaika na ndoa ambazo hakuzifunga yeye. Panya na unyevu wa masika wanafanya yaliyobaki. Sisemi kwamba wachungaji wana nia mbaya. Ninasema kazi ya serikali imewekwa mikononi mwa watu wasiolipwa na serikali wala kukaguliwa nayo, na kila mtu ameridhika kwa sababu picha zilitoka nzuri.

Hao ni wale wenye leseni. Miaka hii makanisa yanachipuka kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma kama uyoga baada ya mvua, na mtumishi anaanza kufungisha ndoa wiki ileile aliyoezeka bati. Ukimuuliza leseni anakuambia ameitwa na Mungu. Simkatalii wito wake. Lakini Mungu aliyemwita hakumkataza kwenda bomani kujaza fomu, na sheria inasema wazi kwamba kufungisha ndoa bila mamlaka ni kosa. Kundi linalomlinda mtumishi asiulizwe swali hilo halimpendi. Linampeleka shimoni huku likiimba.

Halafu tuko sisi wa mila, na hapa siwezi kuwalaumu viongozi wa dini pekee. Kwetu mshenga anatumwa, barua inapelekwa na pesa ndani yake, mahari inapangwa, ng'ombe wanahesabiwa, mengine yanabaki deni. Wazee wana kumbukumbu kali ajabu. Atakuambia ng'ombe yupi alikuwa na pembe iliyovunjika na nani alimleta. Sheria inaitambua ndoa hiyo kikamilifu. Inachotaka ni kwamba baada ya ndoa ya mila, ambayo hakuna afisa wa usajili aliyekuwepo, wanandoa waende wakaombe isajiliwe ndani ya siku 30. Siku 30! Nani kati yetu amewahi kuziheshimu? Tunahesabu deni la mahari miaka 20, na siku 30 za cheti zinatupita tukiwa bado tunaosha sufuria za pombe.

Hapa ndipo anapoinuka yule ndugu aliyesoma kidogo, ambaye kila kijiji kinaye, na kusema: lakini sheria yenyewe inasema ndoa isiyosajiliwa ni halali. Ndugu huyu amesoma sawasawa, na ndiyo maana ni wa hatari. Kifungu cha 41 kinasema hivyo. Ndoa iliyotimiza masharti ya msingi haiwi batili kwa sababu haikusajiliwa. Haiwi batili kwa sababu mahari haikukamilika. Haiwi batili kwa sababu taarifa ya kusudio haikutolewa. Haiwi batili hata kama aliyefungisha hakuwa na mamlaka, isipokuwa wanandoa wote wawili walilijua hilo wakati ule.

Lakini kifungu hiki kiliandikwa kumlinda nani? Kiliandikwa kumlinda bibi harusi asiye na hatia, ambaye hakuwa na njia ya kujua kwamba mtumishi hana leseni, au ambaye mumewe alizembea kwenda bomani. Bunge lilimwonea huruma aliyekosewa. Sisi tumeichukua huruma ile tukaifanya ruhusa kwa anayekosea. Ni kama kusema kwa vile zahanati inatibu waliong'atwa na nyoka, basi hakuna haja ya kufyeka majani mlangoni.

Tena uhalali ni kitu kimoja, na ushahidi ni kitu kingine. Ndoa yako inaweza kuwa halali kabisa na usiweze kuithibitisha. Siku ya harusi watu 300 wanaijua ndoa yako. Baada ya miaka 25, mshenga amekufa, shahidi mmoja kahamia Zambia na mwingine hakumbuki, mchungaji kastaafu na kabati lake limeuzwa. Hapo ndipo mume anapokufa.

Nimekaa kwenye vikao vya ukoo baada ya matanga, na nataka msomaji ambaye hajakaa avijue. Turubai bado liko uani. Mjane amekaa chini kwenye mkeka, kajifunga kanga kichwani. Mzee anafungua kwa sala. Kisha mtu mmoja, mara nyingi shemeji ambaye jana alikuwa analia kwa sauti kuliko wote, anasafisha koo na kusema kwa upole: sisi hatuna tatizo na mama hapa, ila kwa utaratibu, ana cheti? Neno "utaratibu" sijawahi kulisikia siku ya harusi yoyote. Linazaliwa siku ya mirathi.

Swali hilo linafika kila mlango. Ukifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, utaulizwa wewe ni nani kwa marehemu. Kama marehemu alikuwa mwajiriwa, mfuko wa pensheni utataka cheti cha ndoa. Akiwa hai, bima ya afya ilikitaka ili imwandike mwenza wake. Kama mwanamke mwingine atatokea Mlowo au Tunduma na karatasi mkononi, halafu huyu wa hapa nyumbani ana kumbukumbu za ng'ombe tu, kesi imeanza akiwa nyuma.

Wapo watakaosema sheria ina dawa pia kwa wasio na cheti. Ni kweli, kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, itadhaniwa wameoana. Lakini isome vizuri. Ni dhana, na dhana inaweza kupingwa. Mtu akileta ushahidi kinyume, inaanguka. Kwa hiyo mwanamke aliyepika, akalima, akazaa na kuuguza katika nyumba ile robo karne, anasimama kizimbani kuthibitisha kwamba majirani walimwita mama fulani. Jambo ambalo saini moja ingelimaliza linakuwa mjadala juu ya sifa zake. Mimi naiita hiyo fedheha, hata pale anaposhinda.

Haki zilizoandikwa kwa ajili yake si chache, na zote zinasimama juu ya mguu mmoja. Kifungu cha 59 kinazuia mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaruhusu mahakama kugawa mali waliyochuma pamoja ndoa inapovunjika, na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali hiyo. Ushindi mkubwa ule. Lakini kabla hakimu hajafika kwenye jiko na ndoo za maji, anauliza kwanza: ninyi ni mume na mke? Mguu ule ukiwa umeoza, sheria zote zilizo juu yake zinayumba.

Na tusijidanganye kwamba ukoo utamlinda. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo bado zinatajwa kwenye vikao vyetu, zinamweka mjane pembeni ya urithi wa mumewe na kumwambia atatunzwa na watoto. Wajane wawili walizipinga Mahakama Kuu, na shauri lao likafika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zilivunjwa. Mwanamke mwenye cheti tayari ana mlima wa kupanda. Kwa nini tumpandishe huyu mwingine mlima huohuo bila viatu?

Kuna hoja nyingine naisikia kanisani, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema ndoa ni agano mbele za Mungu, karatasi ni mambo ya Kaisari. Ningeikubali hoja hii kama wanaoitoa wangeitumia kila mahali. Kiwanja cha kanisa kina karatasi. Gari la jimbo lina kadi. Sadaka inahesabiwa na watu wawili na kuandikwa, kisha mhasibu anaisoma mbele ya washarika. Ubatizo una kitabu chake, na hapa Mbozi, ambako Wamoravian wamekuwepo tangu mwisho wa karne ya 19, kuna familia zilizopata tarehe ya kuzaliwa kwa babu kutoka kwenye kitabu cha ubatizo. Kanisa linajua sana thamani ya kuandika. Linaposema karatasi ya ndoa si muhimu, linasema tu kwamba atakayeumia kwa kukosekana kwake si kanisa.

Wengine wanasema cheti kinaleta talaka, kwamba mwanamke akishakishika anaota mabawa. Hili ni kichekesho. Watu wanaachana kila siku bila cheti, tofauti ni kwamba anayeondoka anaondoka mikono mitupu. Tena mwenye ndoa iliyosajiliwa hakimbilii mahakamani kirahisi. Sheria inamtaka kwanza apite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na hakimu ajiridhishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ndoa inayovunjika kwa mtu kubeba begi alfajiri ni ile isiyoandikwa popote.

Na wanaume wenzangu wanaodhani jambo hili ni la akina mama, wasubiri. Sisi ni mkoa wa mpakani. Malori yanapanga foleni Tunduma kuvuka kwenda Nakonde, mazao yanavuka, na watu wanavuka. Binti yako atachumbiwa na kijana aliyetoka mbali, mwenye adabu na suti nzuri. Atasema hajaoa. Fomu ya kusudio inamuuliza swali hilo na yeye anasaini. Nani atahakiki? Sheria inasema mwanamume aliye kwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kuongeza mwingine, na akijaribu, ndoa ya pili ni batili. Lakini kama ndoa yake ya kwanza imelala kwenye kabati la mchungaji wa mkoa mwingine, rejesta ya msajili itaonyesha kijana safi. Binti yako atavaa shela kwa ndoa ambayo si ndoa. Uzembe wa mfungisha ndoa mmoja unamdhuru mtu asiyemfahamu, katika kijiji ambacho hatakifika maisha yake yote.

Kuna jambo jingine linalojificha kwenye ndoa zisizoandikwa, nalo ni umri. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Lakini mahakama inaweza kuamua ikachoka, kama ndoa ya binti wa miaka 15 inafungwa uani, ng'ombe wanapokelewa, na hakuna fomu inayouliza tarehe ya kuzaliwa. Mzazi anayemwoza mtoto hataki daftari. Kila tunaposema "tutasajili baadaye", tunamfungulia mlango na yeye.

Sasa niwageukie wenye serikali, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimewaonea wachungaji. Mnamwambia mkulima wa Ruanda aende bomani Vwawa kusajili ndoa yake ya mila. Kwenda ni nauli ya watu wawili na mashahidi wao. Ni siku nzima ya kazi. Akifika anaweza kuambiwa fomu zimekwisha, au barua ya mtendaji haina muhuri, arudi Alhamisi. Mtu huyo hatarudi Alhamisi. Atarudi shambani, na mimi simlaumu.

Msiniambie haiwezekani kuuleta usajili karibu, kwa sababu mmeshafanya, na mlifanyia hapahapa. Mwaka 2013, Songwe haijawa mkoa na sisi tukiwa bado chini ya Mbeya, mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kuingizwa kwenye mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka 5. Usajili ukashushwa mpaka kwenye zahanati na ofisi za watendaji wa kata, cheti kikatolewa papo hapo bila malipo, na taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi. Wanawake waliokwenda kliniki kupima watoto walirudi na vyeti vya kuzaliwa. Watoto ambao baba na mama zao hawana cheti cha ndoa wana vyeti vyao. Basi mtendaji wa kata aliyeaminiwa kumsajili mtoto, anashindwaje kumsajili baba na mama yake?

Wala hakuhitajiki sheria mpya. Iliyopo inamtaja msajili, na inamtaja pia afisa usajili. Kinachohitajika ni kumpa mtendaji wa kata kitabu, mafunzo ya siku chache, na mkaguzi atakayekuja kuuliza. Hilo la mkaguzi ni muhimu kuliko yote mawili. Kila mwenye leseni apewe tarehe ya kurudisha kumbukumbu za ndoa alizofungisha, na asiporudisha asipewe kitabu kingine. Mwenye duka asiyewasilisha hesabu za kodi anatafutwa mpaka kitandani. Mfungisha ndoa asiyewasilisha ndoa za watu hatafutwi na mtu.

Kwa upande wetu hatuna haja ya kusubiri waraka kutoka Dodoma. Kamati za harusi ziweke mstari mmoja kwenye bajeti, juu kabisa, kabla ya keki: kumbukumbu ya ndoa kufika kwa msajili. Katibu wa kamati asivunje kamati mpaka alete jibu. Washarika wamuombe mchungaji wao aonyeshe leseni, kwa heshima, kama wanavyomuomba dereva wa basi asiendeshe amelewa. Mshenga, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye ndoa mkononi mpaka ikae sawa, ajue kwamba kazi yake haikwishi kwenye ng'ombe wa mwisho. Ndani ya siku zile 30 awachukue wawili wale na mashahidi wao mpaka bomani. Wazee wanaohesabu mahari wana akili ya kutosha kuhesabu siku.

Na bibi harusi, mwanangu, sikia hili kabla hujapakwa hina. Siku ile watu wengi watakushika mkono na kukupa maneno, vumilia, nyenyekea, funika aibu ya nyumba. Yasikilize. Kisha usome ile karatasi kabla ya kuisaini: jina lako limeandikwa sawa na lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa? Aina ya ndoa iliyotajwa ndiyo uliyokubali? Umri ni wako? Ukishapewa cheti, usimwachie msimamizi akusaidie kukishika, wala kisiende kwenye sanduku la mume pamoja na kadi za pikipiki. Toa nakala, moja ikae kwa mama yako. Baada ya mwezi mmoja, shemeji zako wakiwa bado wanakuita kwa jina zuri na mchungaji bado anakumbuka sura yako, nenda kamuulize swali moja: baba mchungaji, ndoa yetu imeshafika kwa msajili?

Akisema bado, mpe nauli.